Sanduku Lenye Kufuli Mbili: Shajara ya Filamu Yetu

Januari 20

Tumekubaliana. Tunatengeneza filamu ya makala ya dakika 50 kuhusu Wakristo wanaoishi pamoja na kuchanganya vipato vyao, na nyumba tutakayoifuata ipo hapa hapa Dar es Salaam, Buguruni, kwenye uchochoro ambao bodaboda ikikutana na mkokoteni lazima mmoja arudi nyuma. Tuko watatu: mimi ninayeongoza na kuuliza maswali, kijana wetu mpiga picha, na kaka anayeshughulikia sauti na uhariri. Kamera ni ya kuazima, taa ni moja, maiki za kubana shatini ni mbili. Fedha tulizonazo zinatosha nauli, chakula cha mchana na diski mbili za kuhifadhia picha. Kibali tumeshaomba.

Nyumba yenyewe ni nyumba ya Kiswahili kama tuzijuavyo: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uwani kuna jiko, bafu, choo na karo la kufulia. Wanakaa watu wazima 9 na watoto 4. Yupo fundi cherehani, yupo muuguzi, kijana wa bodaboda, mwalimu wa chekechea, mama wa maandazi na wengine. Baadhi ni Wakatoliki, baadhi Walutheri, baadhi wanasali makanisa ya kiroho. Asubuhi ukipiga hodi unasikia "Bwana Yesu asifiwe" kutoka chumba hiki na "Tumsifu Yesu Kristo" kutoka kile, na kila mmoja anaitikia salamu ya mwenzake kama ilivyo, bila kuisahihisha. Huu ni mwaka wao wa saba.

Wameomba tusitaje majina yao. Nimekubali palepale.

Kitu kimoja nimekiandika na kukipigia mstari: kila mwenye kipato anatia kipato chake chote kwenye sanduku. Nilimuuliza mama wa maandazi kama ana maana ya fungu la kumi. Akasema, "Hapana mwanangu. Chote."

Januari 28

Wiki hii ilikuwa ya kusoma tu. Nilianza na Matendo ya Mitume, maana wote waliowahi kujaribu jambo hili wanaanzia pale. "Na wote walioamini walikuwa mahali pamoja, na kuwa na vitu vyote shirika." Mstari huu, sura ya 2 mstari wa 44, nimeusikia tangu Sunday school, na kila mara wahubiri waliupita mbio kuwahi habari za Pentekoste. Neno lenyewe, shirika, sisi leo tumeliachia makampuni na mabasi. Pale lina maana yake ya kwanza: kitu ambacho hakuna anayeweza kusema ni changu peke yangu.

Waliojaribu ni wengi kuliko nilivyodhani. Ujerumani mwaka 1920, Eberhard Arnold na mkewe Emmy waliacha nyumba yao Berlin wakahamia kijiji cha Sannerz, na hapo ikaanza jumuiya ya Bruderhof. Wanazi waliwafukuza mwaka 1937. New York, tarehe 1 Mei 1933, Dorothy Day na Peter Maurin walianza kuuza gazeti la Catholic Worker kwa senti moja, wakati watu wamepanga foleni za mkate, na kutoka kwenye gazeti hilo zikazaliwa nyumba za ukarimu. Georgia, Marekani, mwaka 1942, Clarence Jordan na wenzake walianzisha shamba la Koinonia karibu na mji wa Americus, weusi na weupe wakala meza moja katika nchi ambayo sheria zake ziliwatenga hata kwenye basi. Miaka ya 1950 nyumba zao zilimiminiwa risasi usiku, kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kikalipuliwa, na wafanyabiashara wa mji wakakataa kuwauzia chochote.

Halafu Philadelphia. Mwaka 1995 familia zisizo na makazi ziliingia katika kanisa la Mtakatifu Edward lililokuwa limefungwa, zikaamriwa kutoka. Wanafunzi wa Eastern College wakaenda kukaa nazo mle ndani. Mwaka 1998 baadhi ya wanafunzi hao, akiwemo Shane Claiborne, walihamia nyumba moja eneo la Kensington, mahali palipokuwa na viwanda vya nguo hadi viwanda vikafungwa na kazi zikaondoka navyo. Wakaiita The Simple Way. Mwaka 2007 moto ulianzia kwenye kiwanda kilichotelekezwa jirani, ukateketeza nyumba za mtaa, zikiwemo zao. Katikati ya hapo, mwaka 2004, watu wa jumuiya za namna hii walikutana Durham, North Carolina, wakaandika alama 12 za maisha yao. Ya kwanza ni kuhamia mahali ambapo wenye nguvu wamepaacha. Ya pili ni kushirikiana mali, wao kwa wao na wahitaji walio katikati yao.

Hapo kwenye kuhama ndipo nilipoweka kalamu chini. Sisi tumezoea kanisa linalopeleka msaada kwa gari, linapiga picha na magunia, linarudi. Hawa walipeleka godoro zao.

Februari 4

Jana tulibishana, na nashukuru tulibishana mapema.

Niliwasomea wenzangu mpango wangu wa kuanza filamu na dakika tano za Marekani. Mpiga picha akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Dada, wale wakihamia mtaa wa maskini inakuwa habari ya imani. Mama yangu katulea sita kwenye chumba kimoja Manzese, choo tunachangia kaya tano, luku tunachangia, na mwezi ukiisha tunagombana nani ana friji na nani anapiga pasi. Hapo hakuna aliyeleta kamera."

Sikuwa na jibu. Nimelala nalo.

Asubuhi nimeliona jibu lake, na limenibadilishia filamu yote. Kijana ana haki. Kukaa wengi chini ya bati moja hapa Dar si jambo la ajabu, ni jinsi mji unavyoishi. Kisima kimoja, uwani kwa pamoja, mtoto wa jirani anakula kwako akikuta chakula, msiba ukitokea daftari la michango linapita mlango kwa mlango. Hata kanisani, Mkatoliki yeyote wa mji huu ana jumuiya yake ya mtaani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliliweka jambo hilo mbele katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976, na leo ukitaka mtoto abatizwe utaulizwa kwanza kama jumuiya inakufahamu. Kwa hiyo filamu ikionyesha watu wakila sinia moja, mtazamaji wa Buguruni atauliza, "Sasa?"

Kinachotofautiana ni mfuko. Uswahilini tunachangia kila kitu isipokuwa mshahara. Mke anaweza asijue mume analipwa kiasi gani. Na hapa kuna watu wasio ndugu, Mhaya, Mmakonde, Mzaramo, Mnyakyusa, makanisa tofauti, wametia mishahara yao kwenye boksi moja la mbao. Dakika tano za Marekani zimekuwa mbili, na hazitakuwa mwanzo.

Februari 10 na 11

Siku mbili za kwanza za kupiga picha. Kila asubuhi wanapika uji wa watoto wa mtaani kwao, watoto kama 30, wa dini zote. Tulipiga vizuri: moshi, vikombe vya plastiki, mwanga wa saa moja asubuhi unapita kati ya kanga zilizoanikwa. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Jioni tukatazama. Picha ni nzuri na hazina kitu. Zinafanana na tangazo lolote la kuomba misaada ambalo umewahi kuliona. Kaka wa uhariri hakusema neno, alizima tu kompyuta.

Februari 23

Ijumaa ya hesabu. Kwa mara ya kwanza wameturuhusu kuingia.

Sanduku ni la mninga, limetengenezwa na fundi wa Keko, ukubwa wake kama Biblia kubwa ya mimbarini. Juu lina mwanya. Mbele lina kufuli mbili, kila moja na ufunguo wake, na funguo hizo hazikai kwa mtu mmoja. Mwezi huu ufunguo mmoja yuko nao mwalimu, mwingine yuko nao mama wa maandazi. Mwezi ujao zinahamia kwa wengine. Baada ya chakula cha usiku kila mtu anaingia chumba cha mbele peke yake, anatia alichopata wiki hiyo, anatoka. Kisha wanakaa wote mkekani, sanduku linafunguliwa, fedha zinamwagwa.

Nilimwambia mpiga picha akaribie. Noti za 10,000 za muuguzi zimenyooka, bado zina baridi ya benki. Noti za 1,000 za mama wa maandazi zimelainika na zinanuka mafuta ya kukaangia, hata kidole kikizigusa kinateleza. Za kijana wa bodaboda zimekunjwa mara nne, zina vumbi kwenye mikunjo. Zikishapangwa katika mafungu ya elfu kumi kumi, hakuna tena aliye na chake pale. Lakini noti zinasema. Yeyote aliyeketi kwenye mkeka ule anaweza kujua ipi imetoka mfuko upi, na hakuna anayesema.

Mwalimu akasoma kaunta buku: mchele, maharage, gesi, luku, fungu la kodi ya nyumba, ada ya mtihani ya mtoto wa mama aliyejiunga mwaka jana, mchango wa msiba wa jirani. Yalikwenda haraka. Halafu fundi cherehani akasema anahitaji viatu.

Ni mwanamume wa miaka 40 na kitu. Ameshika mikono yake mapajani, anaeleza mbele ya watu wanane kwamba soli imeachia na amekwisha kuishona mara mbili. Mmoja akauliza kama vya mtumba vya Karume havitafaa. Mwingine akauliza bei. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Mazungumzo ya viatu yalichukua dakika 20, na mwisho alipewa 18,000. Alisema ahsante. Nilimwona akimeza mate kabla ya kusema.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa maneno yale ya Matendo. Mtu mzima, fundi mwenye mikono yake, ameacha haki ya kununua viatu bila kuulizwa. Ameiacha kila wiki kwa miaka saba. Filamu yetu imepata moyo wake kwenye mkeka ule, na uji wa asubuhi utaingia baadaye, mtazamaji akishajua sukari yake inatoka wapi.

Machi 2

Mjumbe wa mtaa amefika leo tukiwa tumefunga kamera kwenye tripodi. Mzee mstaarabu, alisalimia, akakaribishwa kiti, akasema wazi kilichomleta. Watu wanauliza. Tangu 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, hakuna mtaa unaolala vizuri ukisikia kuna Wakristo wamejikusanya nyumba moja na kuacha mali zao. Na wenye umri wake wanakumbuka Kanungu, Uganda, Machi 2000, kundi la Kibwetere, mamia ya watu waliokufa. Aliuliza maswali matatu: watoto wanasoma wapi, mtu akiugua mnampeleka wapi, na anayetaka kuondoka anaondokaje?

Nilidhani watachukia. Mama wa maandazi aliinuka, akaleta kaunta buku, akamwekea mapajani. "Soma baba, kurasa zote." Mjumbe akavaa miwani akasoma kweli, ukurasa kwa ukurasa, akakuta ada za shule, akakuta bima, akakuta dawa za malaria. Nyuma yake kwenye kamba zilikuwa zimeanikwa sare nne za shule ya msingi. Mpiga picha alizipata zote mbili kwenye fremu moja, miwani na sare.

Swali la tatu walimjibu kwa mdomo: anayeondoka anapewa nauli, godoro lake na kodi ya mwezi mmoja ya mahali anapokwenda. Watu wanne wameshaondoka katika miaka saba. Mmoja wao hukaa mtaa wa pili na huja kula Krismasi.

Maswali ya mjumbe nimeyaazima. Kuanzia leo ndiyo mifupa ya filamu: nani ameshika ufunguo, na mlango unafunguka kutokea ndani?

Machi 16

Yombo, kwa mzee wa Ruvuma. Tulimpata kupitia kwa fundi cherehani, ni mjomba wake. Ana zaidi ya miaka 80. Ujanani alikuwa Litowa, wilaya ya Songea.

Kwa wasomaji vijana wa shajara hii: kabla Azimio la Arusha halijatangazwa mwaka 1967, kulikuwa na vijana wa TANU waliokwenda porini Litowa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja na kugawana pamoja bila kusukumwa na mtu. Likazaliwa shirika la maendeleo la Ruvuma, vijiji vikaongezeka hadi zaidi ya 15, wakawa na mashine yao ya kusaga na shule yao wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwapenda na kuwatolea mfano. Mwaka 1969 chama kikalivunja shirika hilo. Mwaka 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na wote wa mashambani wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976.

Mzee alianza na shikamoo zetu, akatuagizia chai, ndipo akaongea saa moja na nusu bila kuchoka. Njaa ya mwaka wa kwanza. Nguruwe pori. Mikutano ya usiku ambapo hata mwenyekiti alikaripiwa kama amechelewa shamba. Usemi wake haukuwa na uchungu mpaka alipofika kwenye miaka ya malori. Hakuwa Ruvuma wakati huo, alikuwa kwa dada yake mkoa mwingine, akaona watu wanashushwa mahali pasipo na maji, mapaa ya nyumba zao za zamani yameshang'olewa.

Nikamuuliza tofauti ilikuwa nini, maana nje vyote viliitwa ujamaa. Alifikiri. Akasema: "Jembe ni lile lile mwanangu. Tofauti ni nani amekuamsha asubuhi."

Hapo ana sura ambayo kamera inaipenda, mwanga wa dirisha upande mmoja, kikombe mkononi kimetulia. Itaingia nzima bila kukatwa.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kusali misa, na Oktoba 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kuasi dhidi ya mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litakosa maana kwa binadamu. Nimewaza sana leo jinsi mtu alivyoamini hivyo na bado malori yakaja. Sitaki filamu imhukumu, wala sitaki imnyamazie. Itaweka sauti ya mzee, kisha itarudi kwenye mkeka wa Buguruni.

Machi 23

Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, wakawakomboa watu kutoka utumwani na kuwajengea kijiji walichokiita cha uhuru: wanalima, wanasali, wanaoana, wote chini ya kanuni za misheni. Wale ni miongoni mwa Wakristo wa kwanza kuishi pamoja katika pwani yetu nyakati zile. Tulipiga ule mbuyu wa misheni na kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye gome. Mnyororo wa kufungia punda, mti umeumeza ukikua. Siku nzima barabarani kwa sekunde 15 za filamu. Sijuti.

Aprili 8

Masika. Wiki mbili bati limetuharibia kila kitu. Mahojiano mazuri ya muuguzi, dakika 40, mvua ilianza dakika ya sita na kaka wa sauti akajitahidi kunyanyua maiki hadi karibu na kidevu, wapi. Kinachosikika ni bati tu. Uchochoro umejaa maji hadi kwenye vizingiti, na wao wanalaza watoto wa majirani wawili ambao vyumba vyao vimeingia maji. Majirani hao ni Waislamu. Mama yao alikuja na sufuria ya pilau, akaweka, akaondoka hata bila kungoja shukrani. Hiyo tuliipata kwa simu tu, kamera ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Aprili 19

Hili naliandika kwa uangalifu.

Ijumaa iliyopita, sanduku likiwa halijafunguliwa, kijana wa bodaboda aliomba kusema. Wiki tatu mfululizo alikuwa akiacha kiasi mfukoni, jumla 30,000, kwa ajili ya matibabu ya mama yake kule Kilosa. Aliona aibu kuomba, maana mwezi wa kwanza aliomba tairi. Alisema akitazama chini. Kamera ilikuwa inakimbia.

Mtu yeyote aliyesoma Matendo sura ya 5 anajua kinachofuata kwa Anania na Safira waliozuia sehemu ya thamani ya kiwanja. Walianguka wakafa. Nilishika pumzi. Mama wa maandazi alichukua Biblia akasoma mstari wa 4, ule ambao sisi huuruka: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako?" Akafunga. Akasema Petro hakumlaumu Anania kwa kubaki na chake, alimlaumu kwa kusema ameleta chote. "Wewe umesema mwenyewe. Na mama yako ni mama yetu, ungetuambia tu." Sanduku likafunguliwa, zikatolewa 20,000 nyingine ziende Kilosa.

Ni tukio zito kuliko yote tuliyopiga. Jumatatu kijana alinifuata kituoni, amevua helmeti, akasema, "Dada, naomba ile usiiweke." Abiria wake wanamjua, mtaa unamjua, na mama yake akija kuona atajua sanduku lilikuwa likiibiwa kwa jina lake.

Tumeifuta kwenye uhariri. Kaka wa uhariri aliumia, na alikuwa na sababu za kitaalamu zote. Nilimwambia nimekaa miezi mitatu nikiuliza watu kama wametoa kwa hiari, siwezi kumnyang'anya huyu alichokataa kutoa. Hapa shajarani nimeandika kwa sababu ameyasoma mwenyewe na kuniruhusu. Maandishi hayana uso.

Mei 14

Muuguzi anaondoka. Amepata uhamisho Njombe.

Walifungua sanduku Jumanne, siku isiyo yake, funguo zote mbili zikaja. Alihesabiwa nauli, kodi ya mwezi mmoja, na juu yake mwalimu akaongeza blanketi maana Njombe ni baridi. Godoro lilifungwa kamba. Mahojiano yake yaliyoliwa na mvua tuliyarudia asubuhi hiyo akiwa amekaa juu ya godoro hilo, na yamekuwa bora kuliko ya kwanza. Nilimuuliza kama anajutia miaka minne ya mishahara aliyotia. Alisema kila alipokuwa akitoka zamu ya usiku alikuta mtu amemwachia chakula, na kwamba hajui thamani yake kwa shilingi. Akasema pia amechoka, na angependa mwaka mmoja wa kununua sabuni aitakayo. Yote mawili nimeyaacha ndani.

Bajaji hadi stendi ya Magufuli, Mbezi. Mpiga picha alisimama ndani ya nyumba, si nje, akamwacha atembee kwenye ukumbi hadi mlangoni na kutoka kwenye mwanga. Mlango ulibaki wazi. Tuliuacha hivyo sekunde 30, watoto wakapita, kuku akapita.

Mei 17

Muuguzi alikuwa mshika ufunguo wa mwezi huu. Ameondoka nao. Alipigiwa simu, akaukuta kwenye mfuko wa sweta, akalia kwenye simu.

Fundi cherehani anasema kufuli ni ya 5,000, ikatwe kwa msumeno yaishe. Wengine wamekataa. Fedha za wiki zimetiwa kwenye mwanya kama kawaida na sanduku limebaki limefungwa. Chakula wanakopa kwa Mangi dukani.

Mei 24

Ufunguo haujafika. Mtu waliyemkabidhi kule alikosa basi. Uji wa asubuhi umepungua siku mbili, ukarudi, Mangi aliongeza kilo tano za unga kwenye deni bila kuombwa. Tumepiga ukurasa wake wa madeni.

Mei 31

Bahasha imefika jana jioni kwa kondakta, ufunguo umefungwa kwa karatasi ya dawa na utepe wa hospitali. Hesabu ya leo ilichukua saa mbili, wiki tatu za fedha kwa mkupuo, noti za chini zimeshikana na zile za mafuta imebidi zibanduliwe moja moja. Mwalimu alisoma deni la Mangi, likalipwa lote, na kijana wa bodaboda ndiye aliyetumwa kulipeleka usiku ule ule kabla duka halijafungwa. Ufunguo wa muuguzi umekwenda kwa fundi cherehani.

Kilichobaki kwetu: kusafisha sauti ya Yombo, kuandika tafsiri za chini ya picha, na kurekodi upya dakika mbili za Marekani kwa sauti yangu. Jumamosi ya tarehe 22 Juni tunatundika shuka uwani na kuwaonyesha wao kwanza, pamoja na mjumbe na majirani. Atakayesema sehemu yake itolewe, itatolewa.